Nyumba ya Tusekile ya Kukoromea

Ukipita Kisondela alasiri, mvua ikiwa imepumzika kidogo, utasikia ngurumo. Usikimbilie kuanua nguo. Hiyo si mvua inayoshuka kutoka mlima Rungwe, ni wanawake wanakoroma kwa Tusekile. Kuna siku Safina, mke wa Twalib muuza vitenge wa Tukuyu mjini, alikoroma mpaka parachichi mbili zikadondoka mtini, na mbwa wa jirani akahama nyumba. Nilikuwepo. Parachichi moja nilikula mwenyewe, ilikuwa mbichi.

Tusekile ni mjane, mrefu, mwembamba, vidole vimekuwa vigumu kwa kuchuma chai. Nyumba yake ina vyumba viwili na bati lenye kutu, imezungukwa na migomba pande zote. Wanawake waliokimbiwa na usingizi wanaijia kutoka Kawetele, kutoka Masoko, wengine kwa miguu, wengine kwa bodaboda. Wanakuja na kanga zao, wanalala mchana, na baada ya kuja mara kadhaa wanaanza kulala usiku makwao.

Haagui. Hana kibuyu wala hirizi. Cha kwanza anakunyang'anya chai. Kumwambia mwanamke wa Rungwe asinywe chai jua likishapita utosini ni kama kumwambia ng'ombe asitafune, lakini yeye anakwambia, na ukibisha anakurudisha kwenu. Anakuosha miguu kwa maji ya moto. Anakulaza kwenye mkeka uliowekewa majani makavu ya mgomba chini yake. Na usipolala hakuachi ujigeuze kama samaki kwenye kikaango, anakuinua ukakae jikoni umenye magimbi. "Usingizi ni kuku wa kienyeji," anasema. "Ukimfukuza umkamate, anaruka juu ya bati. Kaa zako uchambue mahindi, atakuja mwenyewe miguuni."

Lakini dawa yenyewe hasa iko kibarazani. Kabla hujavuka kizingiti anakusimamisha.

"Nani anakuweka macho?"

"Ah, dada, mawazo tu."

"Mawazo hayana jina? Nipe jina."

Basi unalitaja. Ni mume, ni wifi, ni jirani aliyekula mpaka wa shamba. Ukishamtaja unamtukana mpaka mate yakauke, unaeleza utakavyomfanya. Unaruhusiwa kutia chumvi. Kwenye kile kibaraza wanaume wa wilaya hii wameshachemshwa na magimbi, wameshafungwa mkia wa ng'ombe, mmoja nilimsikia akitumbukizwa Ziwa Masoko na jiwe la kusagia shingoni, na mkewe ni mwimbaji wa kwaya. Ukimaliza, unaingia ndani mwepesi na hasira unaiacha nje kama ndala.

Mtu mmoja tu hakuweza kuitumia dawa hiyo, naye ni Tusekile mwenyewe. Aliwalaza wenzake, kisha yeye akabaki ameketi anawahesabia pumzi. Jina la aliyemweka macho halikuruhusiwa mdomoni mwake.

Mimi nitalitaja, maana si mkwe wangu. Ni Jotham. Mzee Jotham, baba wa marehemu Hosea, mume wa Tusekile.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe, wala baba mkwe hamtazami yeye. Desturi hiyo tunaiita ukutila. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia, anajifunika kanga, anachutama kwenye migomba mpaka mzee apite. Jina lake halitaji hata akiulizwa na polisi. Hiyo ni heshima, na heshima hiyo ina pande mbili. Mzee mwenye adabu anakohoa akiwa mbali, na akiona mkwe wake ana mzigo, yeye ndiye anageuka na kushika njia nyingine. Siku hizi vijana wengi wameiacha, wanapiga na wakwe zao picha za simu, wamekumbatiana mashavu. Jotham hakuiacha. Aliupenda ule upande mmoja, upande wa wanawake kukimbia.

Alikuwa anatembea kama jogoo wa mwenye duka. Hakohoi. Anatokeza tu kwenye kona, anasimama katikati ya njia, anangoja kuheshimiwa. Siku moja Tusekile alikuwa anapanda kutoka mtoni, mvua imelainisha njia, mkungu wa ndizi kichwani na mimba ya kwanza tumboni. Jotham akashuka. Tusekile hakuwa na pa kwenda. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili mtaro. Akajitupa mtaroni na mkungu wake. Mzee akapita huku anaziambia nyasi, "Mkwe wetu ana adabu." Mtoto hakuzaliwa, na mwingine hakuja.

Tangu hapo usingizi ukamhama. Nanyi mnajua salamu yetu ya asubuhi. "Ugonile?" Yaani, umelala? Na wewe unaitikia "Ndaga," unashukuru, hata kama macho yako mekundu kama pilipili. Kila asubuhi ya Mungu Tusekile alishukuru usingizi ambao hakuupata.

Hosea alikuwa mtu mwema. Alikuwa anakesha naye, anamsimulia habari za malori ya ndizi mpaka yeye mwenyewe anasinzia katikati ya sentensi. Kisha akaugua kifua, akafa. Hapo ndipo Jotham alipofanya lile la pili. Msibani, watu wameketi, yeye akasimama na mgongo wake kwa wanawake, kwa heshima eti, akasema, "Taa ya nyumba hii haizimiki. Nawauliza, mwanamke asiyelala anakwenda wapi? Anatembea na nani? Ulizeni hivyo, mtajua mwanangu amekufa na nini."

Mambo ya kuwanga hayo. Kila mwanamke wa Kisondela aliyekuwa halali alirudi nyumbani siku ile akazima taa, akalala macho wazi gizani kama chura, asije akaulizwa anakwenda wapi.

Wa kwanza kuja kwa Tusekile alikuwa Tulia, mke wa mdogo wake Hosea. Naye ni mkwe wa Jotham, tena anaishi boma moja naye, kwa hiyo alikuwa amechoka maradufu. Aliingia kujikinga mvua, bati likapigwa na mvua ile yetu isiyojua kunyamaza, akaegemea gunia la maharage, akalala mpaka ng'ombe wakarudi. Alipoamka alilia.

"Dada, kumbe dunia ni tamu hivi!"

Akamwambia mwenzake, naye akamwambia mwenzake. Ukoo wa Jotham ni mkubwa, na watoto wa ndugu zake wote ni wanawe, kwa hiyo wake zao wote ni wakwe zake. Si muda mrefu nusu ya wakwe za Jotham wakawa wanakoromea kwa Tusekile.

Jotham akasikia mlio. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Emmanuel, mwenyekiti wa kijiji, akasema ile ni kambi ya wachawi, wanalala mchana ili wapate nguvu za usiku. Nyumba imekaa kwenye ardhi ya ukoo wake. Mkutano ujao wa kijiji uamue: bati liezuliwe, mjane arudi kwao.

Emmanuel alifika kwa Tusekile akizungushazungusha kofia mkononi. Ni kijana mzuri ila mgongo wake haujakomaa.

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Najua, mwanangu. Kaa."

"Anasema… anasema uondoke kabla ya mkutano, usisubiri aibu."

Tusekile alikuwa anamwosha Safina miguu. Hakuacha. "Na hawa watalala wapi?"

"Hakusema."

"Mwambie baba mkwe nimesikia. Na mwambie tangu waliponileta nyumba hii naona sijamheshimu vya kutosha. Kuanzia kesho nitamheshimu zaidi."

Safina, mguu uko kwenye beseni, akamkodolea macho. "Unaomba radhi? Wewe? Mtu amekuita mchawi!"

"Nani kaomba radhi?" Tusekile akafuta mikono. Mara ya kwanza tangu Hosea afe nikamwona anacheka, na kile kicheko hakikuwa cha kanisani. "Yeye si anataka wakwe zake wamwogope? Leo tuko wangapi humu ndani?"

Basi tukaanza. Asubuhi Jotham anafungua mlango aende kukinga maji, anamkuta Tulia njiani, ndoo kichwani, amechutama, kanga imemfunika mpaka miguuni kama kichuguu. Hakimbii. Ana mzigo, atakimbiaje? Mzee akasimama. Akangoja. Kichuguu hakikutikisika. Sasa, mwenye adabu ndiye anayegeuka, na majirani walishatoa vichwa dirishani. Akageuka. Akashika njia ya nyuma, kule nako kichuguu kingine, kina kuni. Akarudi ndani bila maji.

Na kila mahali ikawa hivyo. Anataka zahanati, wakwe wamechutama getini na magunia ya magimbi. Anataka kanisani, ngazi zote ni kanga. Wakwe hawaruhusiwi kumsemesha, kwa hiyo hawakumsemesha. Msemaji wao alikuwa Safina, ambaye si mkwe wa mtu yeyote Kisondela na ulimi wake umetengenezwa sokoni.

"Shikamoo mzee! Ona, mkweo kaelemewa na mzigo. Utampita kweli? Ah, wewe tunavyokusikia ni mtu wa heshima, utageuka tu. Geuka baba, geuka, pole pole usijikwae."

Mtaniuliza, kwa nini asipite tu? Angepita vipi! Ni yeye aliyewahi kumsimamisha mzee mwenzake kilabuni, mirija ya pombe ya kimpumu imo midomoni mwa watu, akamwita fahali asiye na mchungaji kwa sababu alipita karibu na mkwe wake. Wazee wa kilabu hawakusahau. Walikuwa wanakaa upande wa barabara sasa, wanangoja siku Jotham atakapopita mbele ya mkwe, wamrudishie.

Akajaribu migombani. Alitumbukia banda la nguruwe wa jirani yake Andongwisye, akatoka ananuka hivi kwamba nguruwe wenyewe walihama. Akajaribu bodaboda, amejifunika koti kichwani. Dereva alipowaona wanawake wamechutama barabarani akafunga breki: "Mzee, mimi sina bima ya laana." Akajaribu kujivika gunia ajifanye mzigo wa viazi kwenye mkokoteni. Hilo mimi sikuliona, nimelisikia kwa mtu asemaye kweli siku ya Jumapili.

Na mtu asiyetoka nje anaanza kusikiliza nyumba yake. Alimsikia Tulia chumba cha pili anakoroma, maana Tulia alishapona. Alimsikia mkewe anakoroma, maana naye, msimwambie mtu, alishakuja kwetu mara mbili kwa njia ya mtoni. Mzee akalala chali anatazama dari. Akaamka, akawasha taa. Akazima. Akawasha. Watu wakaiona.

Siku ya mkutano mvua ilinyesha kama imelipwa. Tulikusanyika kwenye banda la kupangia ndizi. Wakwe za Jotham waliingia kwanza, wakakaa mbele wote, wamejifunika. Kwa hiyo mlalamikaji akalazimika kusimama nyuma ya banda, nje, ameegemea ukuta wa mabanzi, mgongo kwa wanawake, uso kwenye shamba la chai, maji yanamtiririka kisogoni. Emmanuel akawa anatoka, anasikiliza, anarudi ndani amelowa.

"Anasema hapa pana mambo ya gizani."

"Muulize ameyaona?" akasema Tusekile.

Emmanuel akatoka. Akarudi. "Anasema hajayaona, ila mwanamke asiyelala…"

"Tunalala!" wakaitikia wote. Mmoja pale nyuma, kwa kuonyesha ushahidi, akakoroma. Watu wakaanguka kwa kicheko.

Tulia akainua pembe ya kanga. "Mwenyekiti, na yeye mlalamikaji muulize. Analala?"

Emmanuel akatoka. Safari hii alikawia. Aliporudi hakumtazama mtu. "Anasema… muda mrefu sasa hajapata usingizi."

Andongwisye, ambaye hajawahi kusema neno mkutanoni tangu azaliwe, akasema kwa sauti ndogo, "Sasa usiku anakwenda wapi?"

Hakuna aliyecheka. Wazee wa kilabu wakatazamana. Mmoja akasema, "Hata mimi ile taa nimeiona." Mwingine, "Inawaka, inazima." Na mzee kule nje aliyasikia yote, maana mabanzi yana nafasi za kupitisha kidole. Kamba aliyomsokotea mjane wa mwanawe ilikuwa inampitia shingoni yeye, na waliokuwa wanaivuta ni watu wake mwenyewe.

Emmanuel akatoka, akarudi. "Anaomba yaishe. Anaondoa maneno yake, nyumba ibaki."

Wengine walishaanza kunyanyuka. Tusekile akabaki ameketi.

"Msibani alisema kwa mdomo wake, si kwa mdomo wako. Aondoe kwa mdomo wake. Na wale waliokuwa msibani wasikie."

Mwishowe sauti ikaja kutoka nyuma ya mabanzi, nyembamba, inaiambia chai. "Mke wa Hosea hakumuua Hosea."

"Mvua kubwa," akasema Tusekile. "Sijasikia."

"Mke wa Hosea hakumuua Hosea! Nilisema uongo!"

Wakwe wote wakapiga vigelegele chini ya kanga. Tusekile akainua mkono, wakatulia.

"Emmanuel, muulize na siku ya mtaro."

Emmanuel hakujua mtaro gani. Wanawake tulijua. Akatoka, akauliza. Tukasikia miguu tu, vile viatu vya mpira vikinyonya tope. Jotham alikuwa anaondoka. Hakujibu.

Tusekile alifika nyumbani akapanda kibarazani kwake. Akasimama hapo walipokuwa wanasimama wengine. Jina hakulitaja. Ila alisema "huyo", na baada ya hapo akasema mambo ambayo kama ningeyaandika hapa karatasi ingeshika moto. Alimfanya huyo kuwa ngozi ya ngoma, kuwa mpini wa jembe, alimkamua, alimwanika. Safina alikaa chini akamshika goti, anamwongezea pale alipopungukiwa. Alipomaliza akaingia ndani, akalala. Ngurumo yake ilikatiza masafa ya redio mpaka Masoko. Kuku walitaga mayai yasiyo na maganda. Alilala mpaka kesho yake jua limesimama, na sisi tukamnyamazia, tunatembea kwa ncha za vidole.

Baadaye Jotham alituma ndama. Ipo njia, mtajua wale wa kwetu: mzee akichoka na ukutila anampa mkwe wake mnyama, mkwe akimpokea, wanashikana mikono mbele ya watu, na mwiko umeisha. Kuanzia hapo wanaonana, wanasalimiana, kila mmoja anapita njia yake. Aliyemleta ni Ackson, mchungaji wake, mtu mzima na haya zake. Na ndama alikuwa mzuri, mweusi, baka jeupe kwenye paji.

"Mama, mzee anasema mpokee. Anasema mambo yawe mepesi."

Tusekile akamzunguka ndama, akamshika masikio, akamtazama meno. "Mtaro ameujibu?"

"Mtaro upi, mama?"

"Basi hajaujibu." Akampapasa ndama shingoni. "Mwambie baba mkwe nimemwona ndama wake, Kyala ambariki. Lakini mimi nimelelewa vizuri. Heshima niliyolelewa nayo siuzi kwa ndama."

"Mama, yule mzee hatoki! Kilabuni anafika kimpumu kimeisha! Anazungukia Kawetele!"

"Kuzunguka ni kuzuri kwa wazee. Kunanyoosha miguu."

"Mpaka lini?"

"Mimi bado nina nguvu ya kuchutama."

Ackson akavuta kamba. Ndama hakuja. Alikuwa amesimama pale karibu na dirisha, wanawake ndani wanakoroma, mvua inaanza, na zile pumzi zilimwingia. Magoti yakakunjika, akalala kibarazani, akaanza kukoroma naye. Ackson alimpiga makofi, akamvuta mkia, akamwimbia. Wapi! Ilibidi aite bodaboda. Wakamfunga nyuma kwa mpira, ulimi unaning'inia, wakamrudisha kwa mwenyewe akiwa usingizini.

Wakamweka zizini, na zizi la Jotham limegusana na ukuta wa kitanda chake. Yule ndama hajaamka vizuri mpaka leo. Anakula, anakunywa, kisha anakoroma, na bati la mzee linatetemeka misumari. Tulia anasema taa inawaka, inazima, inawaka. Anatuletea habari hizo kila anapokuja, na Tusekile huwa anamwambia azirudie, taratibu, huku anajinyoosha kwenye mkeka wake.